Nusu Pingili

"Vuta pumzi. Ishike. Usitikisike."
Mbeyu, miaka sita na robo,
akaishika kama anavyoshika chenji ya wateja,
ngumi mbili kifuani, macho kayafumba.
Nami pembeni nikaishika yangu
na hakuna aliyeniambia niiachie.

Nilikuwa nimevikwa aproni nzito.
"Ya risasi," alisema Kahindi wa mitambo,
nikarudi nyuma hatua nzima.
Akacheka. "Hii inazuia, mama. Haiui."

Picha akaipachika kwenye kisanduku cha taa.
Shule niliishia darasa la tano,
lakini pingili nazijua.
Mwaka wa kumi na moja huu nasukuma miwa mashineni
mkabala na soko la Malindi,
naimenya, naikata, naihesabu kwa kidole gumba.
Nipe muwa gizani nitakwambia
ni wapi ulikosa mvua.

Basi nikahesabu kutoka shingoni.
Moja, mbili, tatu, zimekaa sawa
kama vikombe vya kahawa vilivyopangwa na mtu mwenye subira.
Kwenye ya tisa nikasita.
Kabari tu.
Upande wa kulia upo, wa kushoto hamna,
na zote za juu yake zimeliegemea pengo
kama watu kwenye benchi lililovunjika mguu.

Daktari Zeituni akaweka ncha ya kalamu.
"Hii iliumbika nusu. Wiki ya sita, tumboni."

Wiki ya sita!
Wiki ya sita sikujua hata kama ninayo mimba.
Nilitema mate njia nzima ya kwenda Muyeye
nikimlaani muuza samaki.
Wiki ya sita sikuwa nimemfunga mtu mgongoni.
Sikuwa nimeinua ndoo.
Sikuwa nimekatiza makaburini saa saba mchana.
Mavyaa, unanisikia?
Miaka minne unasema nilimbeba vibaya.
Miaka minne leso ile ya rangi ya ndimu
iko chini ya godoro langu
kama kisu kilichoua.

Hawakuishia hapo. Wakataka na figo.
Huko tumboni, daktari alisema, vitu huumbwa kwa ujirani,
ukuta ukienda upande, utazame na mlango.
Wakampaka mafuta baridi, akatekenyeka, akacheka,
na kwenye kioo cha kijivu zikaonekana mbili.
Nikaomba anionyeshe tena.
Mbili.

Imebaki ile ya sumaku, Mombasa,
ya kuuangalia uti wenyewe ndani ya mfereji wake.
Bei yake sijaitamka mbele ya Karisa.
Na kila miezi sita tupige nyingine,
wapime pembe kwa rula na penseli.
Leo ni digrii ishirini na nane.
Nimeiandika kwenye daftari la madeni
kwa kuwa ndilo daftari nililo nalo.

Nyumbani nimemkuta mavyaa anachambua mchicha.
Sikumwamkia. Nikaitoa picha kwenye bahasha,
nikaishika dirishani, jua la alasiri likapita
katikati ya mbavu za mjukuu wake.
Alitazama. Akaenda kunawa mikono. Akarudi kutazama.
Akauliza moyo uko wapi.
Nikamwonyesha ule weupe.
Hakusema lingine.
Ila magharibi, nilipotoka kuanua nguo,
leso ya ndimu ilikuwa kambani, inadondosha maji,
na mimi sijamwambia mtu nilikoificha.

Mbeyu hulala kwa ubavu, upande mmoja tu.
Kabla hajasinzia akauliza,
"Mama, ile nusu nyingine iko wapi?"
Nikamwambia alale.

Asubuhi hii nimeshika muwa wenye pingili fupi.
Mteja ananitazama, glasi iko tupu,
mashine inanguruma bure,
na kidole gumba changu hakitaki kuondoka.